PWANI NDIYO BANDARI YA NGALAWA

Mtu akipita alfajiri katika kijiji chochote cha wavuvi wa pwani yetu, tangu Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Msimbati karibu na mto Ruvuma, ataliona jambo lile lile. Ngalawa zimelazwa mchangani, matanga yamekunjwa. Kisha wanaume wawili watatu huitana, hushika chombo ubavuni, wakasukuma kwa pamoja. Punde si punde kinaelea. Hapana gati, hapana winchi, wala hapana karani wa bandari. Mchanga wenyewe ndio bandari.

Chombo hiki kisidharauliwe kwa udogo wake. Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe, kwa shoka na tezo, na urefu wake huwa kiasi cha mita 5 hadi 8. Mtumbwi mtupu wenye tanga ungepinduka kwa upepo wa kwanza. Kwa hiyo fundi hukatiza juu yake miti miwili, ndiyo mirengu, na katika ncha zake, kila upande, hufunga ubao unaogusa maji na kukizuia chombo kisilale. Mbao hizo ndizo matengo. Wanachuoni wengi huona kuwa ufundi huu ulitoka kwa mabaharia wa visiwa vya Indonesia, wale wale ambao kizazi chao kipo Bukini hata leo, na lugha yao ni jamaa ya lugha za Borneo. Lakini wazee wetu waliupokea, wakautengeneza upya kwa miti yao na kwa pepo zao za kusi na kaskazi, hata ukawa wao.

Tena chombo hiki kimefanywa kwa ajili ya pwani yenyewe. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na penye kina asubuhi huwa pakavu adhuhuri. Ngalawa haizami sana majini; hupita juu ya miamba ambapo mashua ingepasuka, na maji yakipwa hukaa juu ya mchanga pasipo kudhurika. Basi ufuo si njia ya kupita tu. Hapo ndipo gogo linapochongwa, nyavu zinaposhonwa, dema zinaposukwa na samaki wanaponadiwa. Hapo mchuuzi hungoja na baiskeli yake, na mama mkaanga samaki hupata riziki ya wanawe. Mahali hapo watu wa pwani hupaita diko. Sisi twasema kuwa diko ni kiwanda, na wanaolitumia ni wafanyakazi kama wale wa karakana yoyote ya mjini.

Sasa kiwanda hiki kinamegwa. Leo pana wigo, kesho ukuta, kesho kutwa nyumba ya mapumziko au hoteli. Na mvuvi huambiwa asogee mbele kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Asogeapo, hufikia penye miamba, au hulazimika kukiacha chombo kikielea usiku kucha, kwenye hatari ya dhoruba na mwizi. Mara nyingi hapana aliyemkataza kuvua. Amenyimwa mahali pa kutua tu. Lakini ndege asiye na mahali pa kutua ataruka mpaka lini?

Tena ukuta haumdhuru mvuvi peke yake. Wimbi likigonga ukuta hurudi kwa nguvu na kuuchukua mchanga ulio chini yake. Mchanga ukichimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi, mto hauna cha kuiletea pwani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bahari imeula ufuo kwa miaka mingi, na wachunguzi wametaja uchimbaji huo wa mitoni kuwa mojawapo ya sababu. Hapo hasara ilimfika mwenye hoteli na mwenye ngalawa sawasawa.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lakini sheria iliyoandikwa pasipo mtu wa kushika kamba na kuzipima hizo mita ni wino tu.

Watakuwapo watakaosema kuwa hoteli huleta kazi na fedha. Ni kweli, wala hatuzipingi. Tunauliza tu: huyo mgeni alaye changu na pweza mezani, amevuliwa na nani, na chombo chake kilitua wapi? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wala wavuvi tusiwafiche makosa yao. Mwenye kulipua baruti baharini huua mazalio ya samaki wa kesho. Huyo hana haki ya kulia kwamba amenyang'anywa riziki, maana amejinyang'anya mwenyewe pamoja na jirani zake. Na akataye mwembe kwa ngalawa moja asipande mwingine, amchongee nini mjukuu wake?

Tunaloliomba si kubwa. Kila diko lipimwe, lichorwe katika ramani ya kijiji na liandikwe kuwa mali ya watu wote, kabla kiwanja kingine hakijagawiwa mtu yeyote. Njia ya kufikia maji iachwe wazi, yenye upana wa kupitisha chombo na matengo yake. Na kamati za wavuvi zinazolinda bahari, ambazo zinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ziitwe kwanza, zisiitwe baada ya ukuta kusimama.

Gati hugharimu fedha nyingi mno. Bandari hii ya mchanga tumepewa bure. Tukiipoteza, hapana hazina itakayotujengea nyingine.