Magofu ya Wamaya kwa Siku Moja: Yakufaa au Hayakufai?

Wanafunzi wa zamani wa shule yetu wametawanyika duniani. Wako wanaosoma Marekani na Kanada, na mara kwa mara mmoja wao huteremka Meksiko wakati wa likizo, maana nauli ya kwenda huko ni ndogo sana kuliko ile ya kurudi kwetu. Mwaka huu wawili waliandikia Chama chetu cha Historia habari za magofu ya Wamaya. Wote wawili walikwenda kwa namna moja, yaani kwa safari ya siku moja iliyopangwa na kampuni, pamoja na kiongozi wa kuwaeleza mambo. Mmoja alirudi na furaha kama ya mtoto siku ya Krismasi. Wa pili aliandika kwamba fedha aliyoiweka tangu Januari ameitupa. Sasa wa tatu, ambaye ana siku mbili tu na fedha ya safari moja tu, atuuliza afanye nini.

Chama kilibishana juma zima. Mimi sijafika Meksiko, lakini nimezisoma barua zile mara nyingi, pamoja na vitabu vya maktaba yetu, nami naona kwamba mabwana wale wote wawili walisema kweli.

Yafaa kwanza nieleze Wamaya ni nani, maana wadogo zetu wa madarasa ya chini hudhani walikwisha zamani. Hawakwisha. Mamilioni yao wangali wakiishi kusini ya Meksiko, Guatemala, Belize na sehemu za Honduras, nao wasema lugha zao. Wazee wao walijenga miji ya mawe katikati ya misitu, wakaandika kwa alama zao wenyewe, wakahesabu kwa makumi mawili badala ya makumi, na walikuwa na alama ya sifuri pasipo kufundishwa na watu wa ng'ambo. Mji wao unaotembelewa na wageni wengi kupita yote ni Chichén Itzá, katika rasi ya Yucatán, uliositawi sana kati ya karne ya 9 na ya 12. Jina lake lina maana ya "mdomoni mwa kisima cha Waitza". Sehemu ile ya kaskazini ya Yucatán haina mito juu ya ardhi. Nchi yote ni mwamba wa chokaa, maji hupita chini kwa chini, na pale paa la mwamba lilipoanguka hubaki shimo kubwa lenye maji, liitwalo senote. Pasipo senote pasingalikuwa na mji.

Tena, wengi wa wageni hawa hulala Cancún, mji wa hoteli ulio pwani. Kutoka Cancún hata Chichén Itzá ni kama kilomita 200, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kama gari halisimami. Lakini gari la wageni husimama. Kwanza huzunguka hotelini kukusanya watu, na katika mji mrefu kama ule kazi hiyo peke yake yaweza kula saa nzima. Mwenzetu wa pili, yule aliyekasirika, ni mwalimu wa hesabu, naye aliandika kila kitu kwa saa yake ya mkono. Walimchukua saa moja kamili asubuhi, wakamrudisha saa moja na nusu jioni. Hiyo ni saa 12 na dakika 30. Akagawanya hivi: ndani ya gari saa 6 na dakika 10, katika duka la vinyago na mawe ya kijani, ambalo hakuliomba, dakika 40, chakula saa 1, kuoga katika senote saa 1, mji wa Valladolid dakika 30, kuwangojea wenzake waliochelewa saa 1 na dakika 20. Ukitoa hayo yote utaona kwamba magofu yenyewe yalipata saa 1 na dakika 50. Wanafunzi wa darasa la hesabu wamejumlisha wakaona ni sawa.

Kuna jambo moja la saa ambalo huwachanganya wageni. Cancún iko katika jimbo la Quintana Roo, ambalo saa zake ziko mbele ya zile za jimbo la Yucatán kwa saa moja. Ikiwa Cancún ni saa tano, Chichén Itzá ni saa nne. Kampuni husema, "Tutafika mapema, saa nne!" na kumbe umekwisha kusafiri saa nne nzima. Saa hiyo uliyoipata asubuhi utairudisha jioni. Na ikiwa gari litapitia dukani na senote kwanza, utaingia magofuni wakati jua liko utosini, mahali ambapo uwanja mkubwa hauna mti hata mmoja. Sisi watu wa nchi za jua twadhani twalijua joto, lakini yule bwana asema mwezi wa Mei kule ulimfanya atafute kivuli cha mwuza kofia.

Katika saa 1 na dakika 50 mtu ataona nini? Ataona piramidi kubwa ambayo Wahispania waliiita El Castillo, yaani ngome, ijapokuwa haikuwa ngome bali hekalu la nyoka mwenye manyoya, Kukulkán. Urefu wake ni kama mita 30. Kila upande kati ya pande nne una ngazi 91. Ukijumlisha na ile ya juu kabisa wapata 365, hesabu ya siku za mwaka. Ndani yake mna piramidi nyingine ya zamani zaidi, na ndani ya hiyo palionekana kiti cha mawe chenye umbo la chui, kilichopakwa rangi nyekundu. Mgeni haingii humo, wala hapandi juu tena: kupanda kulikatazwa mwaka 2006, baada ya mama mmoja kuanguka akafa. Natia mkazo hapo kwa sababu picha za zamani huonyesha watu wamekaa kileleni, na wengine hulipa fedha zao kwa ajili ya kilele hicho.

Kisha kiongozi huwapeleka watu kwenye uwanja wa mpira, mrefu kiasi cha mita 168, mkubwa kupita viwanja vyote vya namna yake katika nchi zile. Pete za mawe ziko juu ukutani, na mpira ulikuwa wa utomvu wa mpira hasa, mzito. Vijana wetu wa timu ya kwanza wangependa kuujua mchezo huo, ila yaonekana baadhi ya michezo ilimalizika kwa kukatwa kichwa, maana mambo hayo yamechorwa katika mawe ya ukuta.

Hapo mara nyingi wakati umekwisha. Bwana wa hesabu alikuwa amekwenda kwa ajili ya jengo moja tu, El Caracol, mnara wa mviringo ulio upande wa kusini, ambao wataalamu huamini ulitumika kuangalia nyota, hasa Zuhura. Alilisoma jengo lile tangu alipokuwa darasani kwetu. Kiongozi alimwambia ni mbali, na gari laondoka. Aliona kichwa chake kwa mbali juu ya miti.

Yule wa kwanza je? Yeye hakujua lolote juu ya Wamaya. Alikwenda kwa kuwa wenzake walikwenda. Kiongozi wao alikuwa Mmaya kwa kuzaliwa, akisemezana na wauza vinyago kwa lugha ya kwao. Aliwasimamisha mbele ya ngazi akawaambia wapige makofi, na sauti ikarudi ikilia kama ndege wa manyoya marefu aitwaye ketsali. Akawaeleza namna ambavyo karibu na tarehe 20 Machi, na tena mwezi wa Septemba, jua la alasiri huangusha kivuli kando ya ngazi kama nyoka ashukaye hata kwenye kichwa chake cha jiwe. Kwa bwana huyu saa 1 na dakika 50 zilitosha. Aandika kwamba angeachwa peke yake pale angeona mawe tu, angepiga picha tatu na kurudi kivulini.

Hapo ndipo naona jawabu lilipo. Wengi huuliza, "Safari hii ni nzuri?" Afadhali ujiulize unakwenda kuona nini, na ni nani atakayekupa. Ikiwa hujui lolote, huna gari, huijui lugha ya Kihispania, na wataka ladha ya mambo mengi kwa siku moja, nenda na kampuni wala usione haya. Kuoga senote peke yake kwaweza kumlipa mtu. (Hapo tena nawaonya wenzangu tuliokulia mbali na maji: mashimo yale ni ya kina kirefu, vaa jaketi la kuelea hata kama watoto wanakucheka.) Lakini ikiwa una kitu kimoja moyoni, jengo, mchoro au kisima, usimkabidhi mtu mwingine saa yako. Kiongozi ana watu arobaini, nao huenda kwa mwendo wa yule mzito kuliko wote.

Mimi binafsi ningekwenda kwa njia nyingine. Kilomita 40 hivi kabla ya kufika magofuni kuna mji wa Valladolid, uliojengwa na Wahispania mwaka 1543, wenye nyumba za wageni za bei nafuu. Mtu aweza kwenda huko kwa basi la abiria mchana, akalala, akaamka mapema na kuwa mlangoni saa mbili asubuhi unapofunguliwa. Makundi ya Cancún huanza kufurika saa mbili au tatu baadaye. Viongozi hupatikana mlangoni palepale, na watu wanne wasiojuana waweza kuchanga. Tangu Desemba 2023 kuna na reli iitwayo Tren Maya, yenye stesheni karibu na magofu. Kwa njia hii El Caracol ungeiona, na pia senote takatifu iliyo upande wa kaskazini, ambamo Mmarekani Edward Thompson alianza kuchota matope mwaka 1904 akatoa dhahabu, mawe ya kijani na mifupa ya watu. Vitu vingi alivipeleka Chuo Kikuu cha Harvard. Baadhi vimekwisha rudishwa Meksiko. Hasara ya njia hii ni kwamba yala siku mbili, na ukikosa gari hakuna wa kumlaumu.

Kuna na safari nyingine zinazotangazwa sana, zinazokusanya Tulum, Cobá, senote na mji wa pwani wa Playa del Carmen katika siku moja. Hapa mabishano yalikuwa makali. Tulum ni mahali padogo penye ukuta, juu ya jabali kando ya bahari. Saa moja na nusu yatosha, na haraka haiiharibu. Cobá ni kinyume chake. Magofu yake yametawanyika msituni, na kuifikia piramidi kubwa yenye urefu wa mita 42 ni mwendo wa kilomita mbili hivi kwa miguu au kwa baiskeli ya kukodi. Kumkimbiza mtu Cobá ili awahi kununua fulana Playa del Carmen, hilo sikubali, na katibu wa Chama amekubaliana nami.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi. Tutakuwa mlangoni saa ngapi, kwa saa za Yucatán? Tutakaa ndani muda gani? Tutapitia duka? Kiongozi atasema lugha moja au mbili? Maana akisema Kihispania kisha Kiingereza, nusu ya muda wako utasikiliza usiyoyaelewa. Na kiingilio kimo katika bei? Matangazo ya bei ndogo mara nyingi hukiacha nje, na kwa mgeni, katika miaka ya hivi karibuni, kimepita peso 600. Kampuni isiyojibu maswali haya imekwisha kukujibu.

Kwa bwana wetu wa tatu aliyesema angependa Jumapili ya Machi ili amwone nyoka wa kivuli: siku ya Jumapili wenyeji wa Meksiko huingia pasipo kulipa kiingilio cha serikali kuu, hivyo uwanja hujaa, na katika juma lile la Machi hujaa maelfu kwa maelfu. Nyoka mwenyewe hushuka alasiri, wakati magari mengi ya siku moja yamekwisha geuka kurudi Cancún. Kivuli huonekana vilevile siku chache kabla na baada ya siku yenyewe. Lala Valladolid Jumatatu, uingie Jumanne, na kofia uinunue mjini kabla hujafika uwanjani.