Kocha, Mkewe na Karatasi ya Rangi ya Waridi

Jamani, usifungue ukurasa mwingine ukidhani hii ni habari ya michezo. Hata mimi mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira wenye umbo la yai huku mnagongana kama mafahali, nilikuwa siuelewi hata chembe. Ila nimeolewa hapa Columbus, Ohio, na ikifika Jumamosi mume wangu haambiliki. Mji mzima unavaa nyekundu. Uwanja wa chuo kikuu unajaza watu zaidi ya laki moja. Chuo tu, msomaji wangu, wala siyo Simba na Yanga!

Kilichonivuta mimi ni karatasi moja ya rangi ya waridi, na mwenye karatasi hiyo ni kocha Urban Meyer.

Meyer alizaliwa Toledo, hapahapa Ohio, mwaka 1964. Ukocha mkuu aliuanza 2001 katika chuo kikuu cha Bowling Green, akaenda Utah, ambako msimu wa 2004 hakufungwa hata mechi moja, kisha Florida wakambeba. Huko alitwaa ubingwa wa taifa misimu ya 2006 na 2008. Hela ipo, jina lipo.

Na nyumbani je? Nyumbani alikuwepo mama. Shelley ndiye aliyebeba mzigo wa watoto watatu. Baba yuko ofisini, au yuko barabarani anawabembeleza vijana wa miaka 17 wachague chuo chake, maana kocha wa vyuo asiponasa vijana wazuri mwaka huu, keshokutwa hana kazi. Simu haizimwi. Kula kwa shida, kulala kwa shida. Desemba 2009 Alabama wakamfunga kwenye fainali ya kanda, mechi yake ya kwanza kupoteza msimu ule, na usiku wa kuamkia Jumapili akaanguka chumbani, kifua kinambana. Mkewe ndiye aliyepiga simu ya dharura.

Siku moja baada ya Krismasi akatangaza anaacha kazi. Kesho yake akageuza maneno, eti anapumzika tu. Aliondoka kweli mwaka uliofuata, Desemba 2010.

Usimcheke. Mwaka 1982, akiwa kijana mbichi aliyetoka sekondari, alisajiliwa na timu ya besiboli ya Braves. Mambo yakawa magumu, akapiga simu nyumbani kwamba anataka kurudi. Kwa maelezo yake mwenyewe, baba yake alimwambia nyumba hiyo haipokei mtu anayekata tamaa, na kwamba Krismasi ampigie simu mama yake, inatosha. Hebu fikiria! Mtoto aliyefundishwa kuwa akishindwa hana kwao, utamwambiaje ukubwani aache kazi arudi kula chakula cha jioni?

Novemba 2011 Ohio State wakamtaka. Familia ikasema sawa, lakini saini kwanza. Binti yake mkubwa akaandika masharti kwenye karatasi ya waridi: familia itatangulia daima, ofisini isizidi saa tisa kwa siku, milo mitatu kila siku, simu iwe kimya usiku, kila siku aongee na watoto, atafute namna ya kwenda kuwaona mabinti wakicheza wavu. Baba akasaini, akaiwekea fremu na kuitundika ofisini.

Mimi niliposikia habari hiyo nililia, sidanganyi. Halafu nikaisoma tena, safari hii kwa jicho la mke, nikagundua imekosa kitu kimoja: adhabu. Ukifungwa mechi, watu laki moja wanakuzomea Jumamosi hiyohiyo. Ukikosa chakula cha jioni, unasamehewa. Sasa, kwa akili ya kawaida, mtu ataanza kulipa deni lipi?

Kazi ilimwendea vizuri mno. Msimu wa 2012 alishinda mechi zote 12. Januari 2015 akaichapa Oregon 42 kwa 20, ubingwa wake wa tatu. Lakini kichwa kilikuwa kinamuuma, ana uvimbe wa maji unaogusa ubongo, na mwaka 2018 tulimwona kwenye runinga ameinama kwa maumivu pembeni mwa uwanja.

Mwaka huohuo chuo kilimsimamisha mechi tatu. Msaidizi wake mmoja alidaiwa na mtalaka wake kuwa alikuwa akimpiga (hakushtakiwa kwa madai hayo ya 2015), na Meyer, aliyewaambia waandishi kuwa hakujua, baadaye alikiri alijua. Siku ya kuomba radhi aliwaomba mashabiki. Yule mama alimkumbuka kwa maandishi, siku mbili baadaye. Hapo mimi na mume wangu tulinuniana. Yeye alihesabu mechi, mimi nilimhesabu yule mama.

Akastaafu Januari 2019 akiwa na miaka 54, Ohio State kashinda 83 na kupoteza 9 tu. Mngedhani yameisha. Wapi! 2021 akachukua timu ya kulipwa ya Jacksonville. Baada ya mechi moja timu ikapanda ndege kurudi, yeye akabaki Ohio, kwa maelezo yake awaone wajukuu. Ikasambaa video yuko baa, msichana asiye mkewe anamchezea karibu na mapaja. Aliomba radhi. Desemba akafukuzwa: mechi 13, ushindi 2. Shelley hakuondoka, na mwaka 2025 mumewe alichaguliwa kuingia kwenye jumba la heshima la mpira wa vyuo.

Mume wangu ni dereva wa lori, na simu yake hailali kama ya Meyer. Mwaka jana nami niliandika karatasi, nikaibandika kwenye friji, ila yangu ina adhabu: simu ikipokelewa mezani, mwenye simu anaosha vyombo wiki nzima. Ameosha mara nne. Juzi akapiga dada yangu kutoka Tanga, nikajisahau, nikapokea.

Wiki hii naosha mimi.