Mji Wenye Kuona Mbali: Mwanza na Mipango Yake

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hudhani ni la wakubwa wa ofisini tu, nalo ni mipango ya miaka mingi ya uongozi wa mji. Mfano wetu utakuwa Mwanza, mji wa majabali ulio ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Hata wewe ukaaye Ukerewe, Sengerema au Magu, usifunge kitabu ukasema, “Hayo ni ya watu wa mjini.” Dagaa wako huuzwa Mwanza, mgonjwa wako hupelekwa Bugando, na huenda mwanao akaja kukaa huko.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa ualimu alichelewa darasani. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu, “Unisamehe, Mwalimu. Usiku tulikuwa tukimteremsha dada.” Nyumba yao ilikuwa juu ya mlima wa mawe, na dada yake alishikwa na uchungu wa uzazi usiku wa manane. Gari halikuweza kupanda. Basi vijana wanne waling’oa mlango, wakamlaza juu yake, wakamteremsha kati ya majabali na vibaraza vya watu, mvua ikinyesha. Mtoto alizaliwa chini, kando ya barabara, ndani ya gari lililokuwa likingoja. Mungu alisaidia, mama na mtoto wakapona.

Nilijiuliza, mwenye kosa ni nani? Kila aliyejenga pale alijenga kwa jasho lake, akaacha upenyo wa kupita mtu mmoja. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Nyumba zilipofika mia, hapakuwa na hata mmoja aliyekusudia kuziba njia, na kumbe njia imekwisha kuzibwa. Hiyo ndiyo hasara ya mji uliotangulia mpango wake: kila mtu hutenda limfaalo yeye, na jumla yake huwa taabu ya wote.

Mwanza uliwekwa kuwa makao ya utawala na Wajerumani mwaka 1892. Reli ilifika mwaka 1928, na pamba na samaki wakavuta watu kutoka kila upande wa ziwa. Mwaka 2000 mji ulipewa hadhi ya jiji, na mwaka 2012 Ilemela ikapata halmashauri yake ya manispaa. Kwa hiyo mji huu mmoja una halmashauri mbili, yaani Jiji la Mwanza katika Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, pande hizo mbili zilikuwa na watu zaidi ya 700,000. Mwaka 2022 walizidi 1,100,000. Mji ukiongezeka kwa kasi hiyo, kiongozi asemaye “tutaona kesho” amekwisha kuchelewa.

Sasa, mji hupangwaje? Mimi ni mwalimu, nami nitaeleza kwa mfano wa kazi yangu. Kila mwalimu anajua kwamba masomo huandaliwa kwa ngazi tatu. Kwanza upo muhtasari wa masomo, unaoonyesha safari yote ya mwanafunzi. Pili lipo azimio la kazi, linalogawa safari hiyo katika miezi na majuma. Tatu lipo andalio la somo, linalosema leo asubuhi nitafundisha nini, kwa zana gani, na nitajuaje kwamba watoto wameelewa.

Mji nao una ngazi tatu. Muhtasari wake ni mpango kabambe. Mwanza unao wa mwaka 2015 hadi 2035, nao unazihusu halmashauri zote mbili. Mpango wa namna hiyo huonyesha mahali pa makazi, masoko na viwanda, njia ya kupitisha barabara, na mahali pasipofaa kujengwa kabisa. Azimio la kazi la mji ni mpango mkakati, ambao kwa desturi ni wa miaka mitano. Humo halmashauri huandika malengo yake, kipimo cha kila lengo, na idara yenye dhamana. Andalio la somo ni bajeti ya mwaka, ianzayo tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni.

Ubora wa mji hujulikana katika maungio ya ngazi hizi. Mpango kabambe ukisema barabara ipite mahali fulani, na bajeti za miaka kumi zisitenge hata shilingi moja kwa barabara hiyo, basi ramani ile ni picha ya ukutani. Na bajeti ikitumika kwa haja za leo tu, bila kutazama ramani, kazi ya mwaka huu hubomolewa mwakani. Wahenga walisema, mipango si matumizi. Tena fedha hazitoshi kwa haja zote, ndiyo maana Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Anayetaka yote kwa mara moja hajapanga bado.

Tazameni habari ya maji na usafi. Mgeni akiliona ziwa hustaajabu akisikia kwamba nyumba za Mwanza ziliwahi kukosa maji. Lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Hapana budi yavutwe ziwani, yasafishwe, kisha yasukumwe kwa mitambo hadi kwenye matangi ya juu. Kwa miaka mingi chanzo kikubwa kilikuwa Capri Point. Baadaye kikajengwa chanzo kingine Butimba, chenye uwezo wa kutoa lita milioni 48 kwa siku. Kazi kama hiyo haiwezi kuzaliwa katika bajeti ya mwaka mmoja.

Na maji yakipanda, maji machafu nayo lazima yashuke. Juu ya mawe choo cha shimo hakichimbiki kwa urahisi, wala gari la kunyonya uchafu halifiki. Mvua ikinyesha, uchafu huteremka mtoni Mirongo, na Mirongo huupeleka ziwani, tunakochota maji na kuvua samaki. Kwa sababu hiyo katika milima kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa yalilazwa mabomba membamba, yasiyofukiwa chini sana, yakipita kati ya nyumba hadi bomba kuu. Pale ilibidi mafundi waufuate mlima na wenyeji wake jinsi walivyo.

Jambo jingine ni kwamba kazi za mji zina mikono mingi. Maji yako chini ya mamlaka yake, MWAUWASA. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya wakala uitwao TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Halmashauri inashughulika na taka, masoko, shule na zahanati. Wote hawa wasipokaa meza moja, huyu atatandika barabara mwezi huu, na yule ataichimbua mwezi ujao apate kulaza bomba. Mpango mmoja wa miaka mingi ndiyo meza yao.

Katika miaka hii utendaji wa ofisi nao umeanza kubadilika. Zamani mkusanya ushuru alizunguka sokoni na kitabu cha stakabadhi. Sasa mlipaji hupewa namba ya malipo, na fedha huingia benki moja kwa moja. Mwaka 2022, katika kazi ya anwani za makazi, mitaa ilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Wengine waliona ni urembo. Lakini mji usiojua nyumba zake ngapi na ziko wapi, utajuaje madarasa yatakiwayo, au gari la wagonjwa liende wapi? Hata hivyo tusiiabudu mashine. Mashine huhesabu upesi, lakini haijui kuchagua. Kuchagua ni kazi ya watu.

Na watu hao hubadilika. Mkurugenzi huhamishwa, diwani hukaa miaka mitano kisha hurudi kwa wapiga kura, bali mpango kabambe ni wa miaka ishirini. Nani basi ataukumbuka? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliziondoa halmashauri, na huduma za miji zikazorota, hata mwaka 1978 ikalazimu halmashauri za miji zirudishwe. Twajifunza kwamba mji unahitaji chombo chake chenye kumbukumbu, na raia wanaokidai kumbukumbu hiyo.

Kwa hiyo usiende kwenye mkutano wa mtaa kwa kulalamika tu. Nenda na maswali matano. Kazi gani itafanywa? Nani ana dhamana? Itakwisha lini? Fedha zatoka wapi? Nasi tutajuaje kwamba imetimia? Usingoje mwezi wa Juni ndipo useme, maana wakati huo bajeti imekwisha kupitishwa. Na mikutano ya baraza la madiwani iko wazi, raia aweza kwenda kusikiliza.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni mwalimu. Alipopata kiwanja, alinialika nione msingi wa nyumba yake. Nikaona ameurudisha nyuma, ameacha nafasi ya gari kupita mbele. Mafundi walimcheka kwamba anapoteza ardhi. Yeye akaenda kwa jirani zake watatu, nyumba kwa nyumba, akawaeleza habari ya ule mlango uliong’olewa, na wawili wakakubali kurudisha misingi yao. Wa tatu alikuwa angali akifikiri nilipoondoka.