Je, Wajua? Waya wa Spika na Bei Yake

Mwaka 2007 James Randi wa Marekani aliahidi dola milioni 1 kwa atakayethibitisha, kwa masikio tu, kwamba waya wa spika wa dola 7,250 hutoa sauti bora kuliko wa kawaida. Hakuna aliyezichukua. Kwa fundi muziki wa harusi hapa Malangali, Sumbawanga, ule waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wa duka la vifaa vya umeme unatosha kabisa: mita 5, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa omu 0.12 hivi, na spika yenyewe ni omu 8. Cha kuogopa ni shaba feki. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.