Spoila ya Faiba: Kazi ya Kalibu, Mkeka na Resini

Ndugu msomaji, simama kidogo kando ya barabara kuu pale Vwawa. Malori ya kwenda Tunduma na Zambia yanapita mchana na usiku. Mabasi yanapita. Magari madogo yaliyotumika kwanza Japani nayo yanapita. Yatazame magari hayo madogo kwa mbele, chini ya bampa. Utaona baadhi yana kitu kama kidevu, kimeshuka karibu kugusa lami. Mafundi wanakiita spoila.

Tuseme kijana wako ana gari kuukuu, naye anapenda mashindano ya mbio za magari. Anataka spoila. Ya dukani ni ghali, na ya gari lake huenda isipatikane. Anaweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani kwa faiba. Leo tutaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo. Kazi yenyewe si ngumu kuliko kufyatua matofali. Kilicho kigumu ni kuyalinda macho na mapafu ya fundi mpaka kazi iishe.

UPEPO CHINI YA GARI

Kwanza tujue spoila inafanya nini. Wewe umewahi kuona upepo ukiezua bati. Upepo unaingia chini ya bati, unalisukuma juu, na misumari inang'oka. Gari linalokwenda kasi nalo hupatwa na jambo la namna hiyo. Hewa inaingia chini yake kwa mbele na kulinyanyua kidogo. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Dereva akikata kona, gari linachelewa kutii usukani.

Spoila inazuia hewa isiingie nyingi chini ya gari. Hivyo magurudumu ya mbele yanaishika barabara vizuri zaidi.

Lakini nguvu ya upepo inategemea mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Gari la kilometa 100 kwa saa linasukumwa na upepo mara nne kuliko gari la kilometa 50 kwa saa. Katikati ya mji, ambako sheria inataka kilometa 50, spoila haina kazi kubwa. Hapo ni pambo tu. Mwenye gari la kubebea mahindi na kahawa asijisumbue.

Tena si kila mashindano yanafaa spoila. Mashindano makubwa ya Safari yalianza mwaka 1953. Yalipita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zilikuwa za vumbi, mawe na matope. Mwaka 1971 na mwaka 1973 yalishindwa na gari la Datsun 240Z. Dereva wa mwaka 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, toka mwaka 1979 hadi 1982. Kwenye njia kama zile, kidevu kilichoshuka sana hung'olewa na jiwe la kwanza. Kinachohitajika zaidi huko ni bamba nene chini ya injini. Kwa hiyo, kijana anayejiandaa kwa mashindano ya njia za vumbi, kama yale ya Mkwawa kule Iringa, aifupishe sana spoila yake au aiache. Spoila ndefu ni ya barabara ya lami iliyofungwa kwa ajili ya mashindano.

FAIBA NI NINI?

Ukijenga nyumba ya udongo, unachanganya udongo na majani makavu. Udongo peke yake hupasuka. Majani peke yake hayasimami. Vikichanganywa, ukuta unasimama. Faiba ni hivyo hivyo. Majani yake ni nyuzi nyembamba sana za kioo, zilizotandazwa kama mkeka mweupe. Udongo wake ni resini, yaani maji mazito kama asali. Resini ikitiwa dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi wanaiita hadena, inakuwa ngumu na hairudi tena kuwa maji.

Mwaka ule ule wa 1953, kiwanda cha Chevrolet cha Marekani kilianza kuuza gari lililoitwa Corvette. Bodi yake yote ilikuwa ya faiba. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu, na kazi nyingi ilifanywa kwa mikono. Siku hizi wavuvi wetu wengi wanatumia boti za faiba. Basi anayejua kutengeneza spoila anaweza pia kuziba boti iliyotoboka au bampa iliyopasuka. Hiyo ndiyo faida kubwa ninayoiona mimi katika kazi hii, kuliko hata mbio zenyewe.

KALIBU

Unajua kalibu ya matofali. Unailowanisha maji au kuipaka mchanga ili udongo usigande. Kalibu ya spoila inafuata kanuni ile ile.

Kata boksi gumu. Lishike chini ya bampa, ulikate mpaka likae kama unavyotaka. Hiyo ndiyo ramani yako. Kisha chukua hadibodi, ule ubao mwembamba wenye upande mmoja laini. Ukunje taratibu kufuata ramani, uupigilie kwenye vipande vya mbao vilivyokatwa kwa duara la gari. Upande laini uwe ndani, kwa sababu huo ndio utakuwa uso wa spoila. Ukiweka upande wenye mikwaruzo ndani, utapiga msasa wiki nzima.

Usisahau matundu ya hewa ya rejeta. Spoila iliyozibwa yote inaichemsha injini mlimani.

Tazama pia kama kitu kitatoka. Ugali unatoka bakulini kwa sababu mdomo wa bakuli ni mpana kuliko kitako. Kalibu nayo iwe pana kwenye mdomo. Ikiwa na shingo kama mtungi, spoila itakwama humo na utaivunja kalibu.

Sasa paka nta. Paka, acha ikauke, sugua mpaka ing'ae. Rudia mara tano. Wengi huchoka mara ya pili. Hao ndio wanaoonekana kesho yake wakipigana na kalibu kwa nyundo na patasi.

Wako wanaochonga umbo kwa lile povu jeupe jepesi linalofungiwa televisheni. Hilo linayeyuka likiguswa na resini. Ukitaka kulitumia, lifunike lote kwa gundi ya karatasi ya plastiki, ile ya kufungia maboksi, pasibaki hata nafasi ya kidole.

KABLA YA KUFUNGUA CHUPA

Hapa, ndugu msomaji, soma polepole. Kama kijana wako hajui kusoma, msomee.

Hadena inachoma. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuleta upofu. Vaa miwani ya fundi iliyofunika pande zote, hata kama unapima kidogo tu. Weka ndoo ya maji safi na kikombe karibu yako kabla ya kuanza. Hadena ikiingia jichoni, usianze kutafuta bodaboda ya kukupeleka hospitali. Anza na maji hapo hapo. Fungua jicho, mimina maji dakika 20 bila kuacha. Halafu nenda hospitali.

Resini ina mvuke wenye harufu kali, unaoitwa stairini. Unaumiza kichwa na unashika moto. Mwaka 2018 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani, walio chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo fanya kazi nje, upepo ukitoka nyuma yako. Usifanye kazi hii jikoni, wala katika chumba wanacholala watoto. Usivute sigara. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii mvuke. Kinachozuia ni barakoa yenye vichujio vya mkaa.

Resini nyingi huuzwa zikiwa tayari, zinasubiri hadena tu. Nyingine zinataka kwanza dawa ya tatu, ya rangi ya zambarau. Kama yako ni ya namna hiyo, koroga dawa ya zambarau katika resini kwanza mpaka ichanganyike yote. Kisha ndipo utie hadena. Dawa ya zambarau na hadena zisikutane peke yake. Zikikutana zinaweza kulipuka. Usizihifadhi pamoja, wala usizipime kwa chombo kimoja.

KAZI YENYEWE

Tuseme spoila yako ina urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 35 pamoja na mikunjo. Hiyo ni kama nusu ya meta ya mraba. Inataka mikeka mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ukinunua mkeka wa gramu 450 kwa meta ya mraba, mikeka yako mitatu itakuwa na uzito wa gramu 700 hivi. Resini iwe mara mbili mpaka mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Nunua kilo 2, zitatosha na kubaki kidogo.

Kwa kilo moja ya resini, hadena ni mililita 10 mpaka 20. Usikisie kwa jicho. Pima kwa bomba la sindano la dukani, bila sindano yake. Changanya nusu kilo tu kwa mara moja, maana baada ya dakika 15 au 20 itaanza kuganda.

Vwawa iko juu na ina baridi, hasa Juni na Julai. Resini haipendi baridi. Chini ya nyuzi 15 inachelewa kukauka, na pengine haikauki vizuri kabisa. Mtu akiona hivyo anaongeza hadena. Asiongeze kupita kipimo. Hadena ikizidi, resini inapata joto kali, inapasuka na kuwa dhaifu. Dawa ya baridi ni kungoja jua. Anza saa tano, malizia saa tisa. Siku ya mvua pumzika, kwa sababu mkeka ukishika unyevu hauleweshwi vizuri na resini.

Paka kwanza tabaka la resini tupu ndani ya kalibu. Ngoja linate kidoleni bila kutoka. Paka resini tena, tandaza mkeka wa kwanza, halafu ugongegonge kwa ncha ya brashi. Usifagie kama unapaka chokaa, nyuzi zitahama. Mkeka mweupe utabadilika na kuwa kama karatasi iliyoingia mafuta ya kupikia. Popote panapobaki peupe pana hewa, na penye hewa ndipo spoila itakapovunjikia. Gonga mpaka weupe uishe. Weka mkeka wa pili, kisha wa tatu.

Mahali pa kupitisha bolti ongeza vipande viwili zaidi.

Resini iliyobaki koponi usiiache imerundikana. Inajipasha moto yenyewe, inatoa moshi, na inaweza kuwasha takataka. Imwage nyembamba juu ya bati kuukuu nje ya nyumba, mbali na watoto na kuku.

Ngoja mpaka iwe kama ngozi ya kiatu. Hapo kata kingo kwa kisu. Ukichelewa mpaka kesho utahitaji msumeno, na msumeno una vumbi. Vumbi la faiba ni vioo vidogo vidogo. Vaa barakoa na mikono mirefu, na mwagia maji unapopiga msasa. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Zikichanganywa na nepi, mtoto atalia usiku na mama hatajua kwa nini.

Siku ya pili, ingiza kabari ndogo za mbao kwenye kingo, mimina maji, na vuta taratibu. Ukisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, usiogope. Ni nta inaachia.

KUFUNGA KWENYE GARI

Spoila yako itakuwa na uzito wa kilo 2 na kitu. Ni nyepesi, lakini upepo wa mbio utaisukuma nyuma kwa nguvu. Ikifungwa kwa waya, itachomoka na kuingia chini ya gurudumu la mbele. Hapo dereva hana usukani tena. Tumia bolti, na chini ya kila nati weka washa pana, kwa sababu faiba haipindi kama bati, bali inapasuka kuanzia kwenye tundu. Toboa tundu kubwa kidogo kuliko bolti. Kisha funga vyuma viwili vyembamba toka ukingo wa chini kwenda kwenye chesisi, vya kuizuia isijikunje nyuma. Ukingo wa chini vika mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Faiba ikivunjika ina makali kama chupa, na siku moja itagusa mguu wa mtu.

Endesha kilometa 10 za kwanza polepole. Kisha simama, zima gari, ishike spoila kwa mikono miwili na uitikise. Ikigongagonga, kaza nati kabla ya kuendelea.