Sikio, mkono na mguu: Funzo la ibada ya kale kuhusu mtu kubadilika

Wengi wetu tufikapo kitabu cha Mambo ya Walawi hupekua kurasa upesi. Damu, ndege na mafuta huonekana kuwa mambo ya kale yasiyotuhusu. Hata hivyo, ibada ya kumtakasa mwenye ukoma, inayosimuliwa katika sura ya 14, ina funzo zito kuhusu mtu kubadilika.

Ieleweke kwanza kwamba ibada hiyo haikuwa tiba. Sheria ilimtaka mgonjwa aishi peke yake nje ya kambi. Alipopona, kuhani ndiye aliyetoka kwenda kumkagua huko huko. Kisha waliletwa ndege wawili. Mmoja alichinjwa, wa pili alichovywa katika damu ya mwenzake, akaachiliwa aende zake. Aliyepona alifua nguo, akanyoa nywele zote, akaoga na kurejea kambini, ila alikaa nje ya hema lake siku 7.

Siku ya 8, kuhani alitwaa damu ya sadaka akampaka katika ncha ya sikio la kulia, kidole gumba cha mkono wa kulia na kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Juu ya damu hiyo akapaka mafuta, na yaliyosalia akamtia kichwani.

Ajabu ni kwamba katika sura ya 8, Haruni na wanawe walipakwa damu katika viungo vivyo hivyo walipowekwa wakfu kuwa makuhani. Yaani, aliyetengwa na watu alirejea akiwa na alama ya kuhani!

Philo wa Alexandria, mwanafalsafa Myahudi wa karne ya kwanza, alipoieleza alama hiyo ya makuhani alisema kuwa sikio huwakilisha maneno, mkono matendo, na mguu safari ya maisha. Kwa mtazamo huo, utakaso wa kweli hauishii kwenye ngozi. Humgeuza mtu katika anayoyasikia, anayoyatenda na anakoelekea.

Ni vyema hapa kutahadhari. Kuutumia ukoma kama mfano wa dhambi hakumaanishi kwamba mgonjwa ni mwenye dhambi. Maradhi yanayotajwa na Walawi yalihusisha hata madoa ya nguo na kuta za nyumba, hivyo si lazima yawe ukoma tuujuao leo. Huu husababishwa na bakteria, na una dawa.

Fauka ya hayo, maskini aliruhusiwa kutoa sadaka nafuu, lakini alipakwa damu na mafuta yale yale.

Basi anayedai ameokoka na ajipime: sikio lake bado lina hamu ya umbeya? Mkono wake bado unapokea hongo? Nasi tuliomo kambini tujiulize: aliyebadilika akirejea, tutatoka kumlaki kama kuhani yule, au tutaendelea kumhesabia maradhi aliyokwisha kupona?