Kisu cha Mwindaji na Amana ya Mhunzi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tunapofundisha hukumu za kuchinja na kuwinda, tunamzungumzia sana mchinjaji na mara chache tunamkumbuka aliyetengeneza kisu. Hali ya kuwa uhalali wa nyama porini huenda ukaanzia kwenye karakana ya mhunzi.

Heshima ya kazi hii

Allah (s.w.) ametaja manufaa ya chuma katika Suratul Hadid, aya ya 25, na akamlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, kama ilivyo katika Surat Saba, aya ya 10. Sahaba Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi wa panga Makka. Alipomdai al-As bin Wail ujira wake, aliambiwa hatalipwa mpaka amkufuru Muhammad (s.a.w.). Khabbab alikataa, na kwa kisa hicho zikateremka aya za 77 hadi 80 za Surat Maryam.

Makali ni haki ya mnyama

Katika hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) ameamrisha kuchinja kwa wema, kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Maulamaa wa Kishafii wameeleza kuwa kisu butu hakihalalishi ila kwa masharti mawili: kisihitaji nguvu za mchinjaji ndipo kikate, na koo la pumzi na la chakula yakatike kabla mnyama hajafikia mtikisiko wa aliyekwisha kuchinjwa.

Basi mhunzi na achague chuma cha pua kinachoshika makali, kama springi za magari makuukuu. Hukichoma hadi kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, kisha hukizamisha ndani ya mafuta. Hapo huwa kigumu, lakini huvunjika upesi kama kigae. Kwa hiyo hukirudisha kwenye joto dogo la kiasi cha nyuzi 200 kwa saa moja au mbili, ndipo akimalize kwa tupa na kinoo. Akiiruka hatua hii, kisu kitamegeka mkononi mwa mwindaji, na mnyama ataadhibika.

Tukiulizwa: je, chuma kikizimwa katika maji ya najisi? Jawabu ni kuwa Imamu Shafii katika al-Umm ameona kuosha nje kunatosha, kwani tohara inaangalia kilicho dhahiri. Imamu Nawawi ameiunga mkono kauli hiyo.

Ala na mpini

Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja jambo zito katika Minhaj. Mwindaji akimkuta mnyama aliyempiga bado ana uhai thabiti, akashindwa kumchinja kwa kuwa hana kisu au kisu kimekwama ndani ya ala, na mnyama akafa, basi ni haramu. Hayo yamehesabiwa kuwa ni uzembe. Tazameni, ndugu zetu, ala ya ngozi iliyoshonwa vibaya inavyoweza kugeuza windo kuwa mzoga! Fundi na aijaribu ala mara nyingi, ikavu na yenye maji, kabla ya kuiuza.

Ama mpini, mbao haina shaka. Pembe au mfupa wa mnyama halali aliyechinjwa kisheria ni tohara, na wa mzoga ni najisi katika madhehebu yetu. Ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini ubapa unaochinja usiwe wa mfupa, kwani katika hadithi ya Rafi bin Khadij (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, jino limekatazwa kwa sababu ni mfupa.

Kuuza

Ufa uliofichwa kwa kung'arishwa ni ghushi. Mnunuzi akiugundua ana hiari ya kurudisha kisu, na fundi atabakia na dhambi ya kuficha.

Tunawausia maimamu walifikishe hili kwa mafundi wa mitaani kwao, na wanafunzi walisome katika mlango wa uwindaji.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie ihsani katika kila kazi ya mikono yetu. Wallahu a'lam.